SOMO LA WIKI: Kurasa 780 zilizozaa faini ya dola milioni 100

Msomaji anayefungua ukurasa huu kutafuta bei za mazao na hisa atuwie radhi kwa dakika chache. Wiki hii nafasi ya somo tumeipa kesi ya mwaka 2007 iliyotokea katika mashindano ya magari huko Ulaya. Hatujageuka kuwa ukurasa wa michezo. Ni kwamba wawekezaji wadogo wadogo wanatuuliza swali moja kwa sura mbalimbali: nikisoma hesabu za kampuni nikaona faida ipo, mtaji upo na wateja wapo, ni kitu gani kinaweza kunipiga ambacho hakimo katika karatasi hizo? Kesi hii inajibu sehemu ya swali hilo, na tarakimu zake si rahisi kuzisahau.

Mbio tunazozizungumzia si zile za Safari Rally, ambazo wengi wetu tulisimama kando ya barabara kuzitazama tukarudi nyumbani na vumbi puani. Hizi ni za langalanga, yaani Formula One, zinazokimbiwa kwenye lami kwa magari ya kiti kimoja. Kwa mfanyabiashara, jambo la kujua ni kwamba kila timu ni kampuni, na kila kampuni husanifu gari lake yenyewe. Mapato yake hutoka kwa wadhamini wanaobandika majina yao ubavuni mwa gari, na kwenye fungu la fedha za televisheni linalogawanywa kufuatana na pointi za timu mwisho wa msimu. Mali kubwa ya kampuni ya namna hii haiko ghalani. Iko kwenye michoro, kwenye vipimo, na kwenye vichwa vya wahandisi wake. Mtu akiuchukua mchoro, hakuna kitu kinachoonekana kupungua stoo.

Timu zinazohusika ni mbili. Ferrari ya Italia mwaka huo ilikuwa mali ya Fiat kwa asilimia 85, na sehemu ndogo ilishikwa na familia ya mwanzilishi na mfuko wa Mubadala wa Abu Dhabi. McLaren ya Uingereza ilikuwa na wanahisa wanne: Daimler ya Ujerumani kwa asilimia 40, mfuko wa serikali ya Bahrain uitwao Mumtalakat kwa asilimia 30, kisha Ron Dennis aliyekuwa mkuu wa timu na mshirika wake wa siku nyingi Mansour Ojjeh, kila mmoja asilimia 15. Msomaji aikumbuke hiyo Mumtalakat. Ilinunua hisa zake Januari 2007, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuhudia kampuni yake mpya ikitozwa faini ambayo haikuwahi kutozwa timu yoyote ya michezo duniani kabla ya hapo.

MTUMISHI ALIYENUNA

Nigel Stepney, Mwingereza, alikuwa amefanya kazi Ferrari kwa zaidi ya miaka kumi na kufikia cheo cha fundi mkuu. Ni miongoni mwa watu waliokuwapo timu ilipokuwa ikinyakua ubingwa mwaka baada ya mwaka chini ya dereva Michael Schumacher. Mwisho wa mwaka 2006 Schumacher alistaafu na mkurugenzi wa ufundi Ross Brawn akaondoka. Stepney hakuridhika na jinsi nafasi zilivyopangwa upya, na mapema mwaka 2007 alilisema hilo hadharani. Uongozi ukampa kazi ya kiwandani, mbali na viwanja vya mashindano.

Tusimame hapa kidogo. Mtu anayejua kila bolti ya gari amesema mbele ya waandishi wa habari kwamba hana furaha, na bado ana funguo, bado anaingia ofisini, bado nyaraka ziko mikononi mwake. Ukienda Kariakoo ukamwambia mwenye duka kwamba muuza duka wake wa miaka kumi amenuna na anatafuta kazi kwa jirani, usiku huohuo atahesabu mali na kubadilisha kufuli. Kampuni kubwa yenye mawakili na maofisa utumishi haikufanya hivyo kwa wakati.

Upande wa pili alikuwapo Mike Coughlan, mkuu wa usanifu wa McLaren. Wawili hawa walifahamiana tangu zamani. Polisi wa Italia walipochunguza simu baadaye, walikuta kwamba kati ya tarehe 11 Machi na tarehe 3 Julai 2007 wawili hao walipelekeana si chini ya ujumbe mfupi 288 na kupigiana simu mara 35. Mwishoni mwa Aprili walikutana Barcelona, na kwa maelezo ya Coughlan ndipo alipokabidhiwa furushi la nyaraka za Ferrari lenye kurasa 780. Juni mwaka huo walikutana pia na mkuu wa timu ya Honda, Nick Fry, kuulizia kazi. Honda ilieleza kwamba hakuna siri yoyote iliyotolewa katika mazungumzo hayo. Maana yake ni kwamba watu hawa walikuwa na mipango yao wenyewe, kila mmoja akiwa bado anakula mshahara wa mwajiri wake.

Furushi la kurasa 780 halifichiki kirahisi. Mke wa Coughlan alizichukua karatasi hizo hadi duka la kutoa nakala katika jimbo la Surrey ili zihamishiwe kwenye diski. Mfanyakazi wa duka alitazama alichopewa, akaona jina la Ferrari na alama za siri, akashangaa kwa nini nyaraka za Waitalia ziko mikononi mwa mteja wa mtaani kwao. Naye alikuwa mpenzi wa Ferrari. Akaandika barua pepe makao makuu ya timu huko Italia. Mapema Julai, Ferrari ikiwa na amri ya Mahakama Kuu ya Uingereza, nyumba ya Coughlan ilipekuliwa na diski zikapatikana. Stepney akafukuzwa kazi, Coughlan akasimamishwa.

Kwa hiyo kashfa nzima, pamoja na wahandisi wake mabingwa na mitambo yake ya mamilioni, ilivunjwa na kijana wa fotokopi aliyefanya jambo la uungwana. Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kununua karanga kwenye kituo cha basi na kukuta karatasi iliyozifungia ina orodha ya mishahara ya kampuni moja, kuanzia meneja hadi mlinzi. Kampuni hiyo hatuitaji. Karanga zilikuwa nzuri.

KUWA NAYO NA KUITUMIA

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliketi Paris tarehe 26 Julai 2007. Uamuzi wake wa kwanza uliwashangaza wengi: McLaren ina hatia ya kuwa na siri za Ferrari, lakini haitaadhibiwa, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba siri hizo zilitumika kuharibu mashindano. McLaren ilikuwa imejitetea kwamba hayo yalikuwa makosa ya mtumishi mmoja, na kwamba hakuna kipande cha gari lao kilichonakiliwa kutoka kwa Ferrari.

Kwa maoni yetu uamuzi huo uliitazama siri kana kwamba ni spea, kitu ambacho ama kimefungwa kwenye gari ama hakijafungwa. Siri ya biashara haifanyi kazi hivyo. Ukijua kwamba mshindani wako amejaribu njia fulani akashindwa, wewe huingii gharama ya kuijaribu. Ukiujua mgawanyo wa uzito wa gari lake, unajua gari lako linasimama wapi, hata usipobadilisha chochote. Ni kama mnunuzi wa kahawa mnadani anayejua kikomo cha bei alichopewa dalali wa upande wa pili. Anaweza kukaa kimya mnada mzima bila kuinua mkono, na bado ameshatumia alichokijua.

Ushahidi ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. McLaren ilikuwa na madereva wawili wasioelewana, Fernando Alonso wa Hispania, bingwa wa mwaka 2005 na 2006, na Lewis Hamilton, Mwingereza aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Hungary, mwanzoni mwa Agosti, ugomvi ulilipuka. Alonso alichelewa makusudi kuondoka kwenye kituo cha matairi, Hamilton aliyekuwa nyuma yake akakosa muda wa mzunguko wake wa mwisho, na wasimamizi wakamrudisha Alonso nafasi 5 nyuma na kuinyima timu pointi zake za mbio hizo. Asubuhi ya Jumapili, katika majibizano na Ron Dennis, Alonso alidokeza kwamba kuna barua pepe zinazohusu habari za Ferrari. Dennis mwenyewe alimpigia simu rais wa FIA, Max Mosley. Tarehe 31 Agosti FIA iliwaandikia madereva wa timu kwamba atakayetoa alichonacho hataadhibiwa, na atakayeficha atakuwa mashakani.

Barua pepe zikatoka. Tarehe 21 Machi, siku tatu tu baada ya Kimi Räikkönen wa Ferrari kushinda mbio za Australia, dereva wa majaribio wa McLaren, Pedro de la Rosa, alimwandikia Coughlan akiuliza mgawanyo wa uzito wa gari jekundu ili waujaribu kwenye mtambo wao wa kuigiza mwendo. Siku chache baadaye alimpelekea Alonso tarakimu za magari yote mawili ya Ferrari, hadi desimali mbili. Ziliandikwa pia habari za gesi maalumu ambayo Ferrari ilijazia matairi, za breki na za bawa la nyuma. Alonso alipoonyesha shaka kama habari hizo ni za kuaminika, jibu lilikuwa kwamba zinatoka kwa Stepney, mtu yuleyule aliyewajulisha huko Australia kwamba Räikkönen angeingia kituoni mzunguko wa 18.

Jambo hilo la mzunguko wa 18 ndilo tunaloliona zito kuliko yote, ingawa magazeti mengi yalilipita. Mwaka 2007 magari yalikuwa bado yanaruhusiwa kuongezwa mafuta katikati ya mbio, na mpango wa lini utaingia kituoni ulikuwa siri ya juu ya timu. Anayejua siku mshindani atakaponunua, na kiasi gani, hahitaji mchoro wowote.

Kuna upande mmoja ambao ni haki kuusema. Baadhi ya alichokitoa Stepney kilihusu sakafu ya gari la Ferrari, ambayo McLaren iliona inapinda kinyume cha kanuni. McLaren iliomba ufafanuzi, namna ya kupima sakafu ikabadilishwa, na ushindi wa Australia ukabaki wa Ferrari. Mtumishi anayefichua kosa la mwajiri wake kwa wasimamizi anastahili kulindwa. Lakini sakafu ni jambo la ukurasa mmoja, na furushi lilikuwa na kurasa 780.

HESABU YA HASARA

Tarehe 13 Septemba 2007 baraza liliketi tena na safari hii halikusita. McLaren ilinyang'anywa pointi zote za timu za mwaka 2007 na kutozwa dola milioni 100 za Marekani, kutoa kiasi ambacho ingepata kama mapato ya pointi hizo. Madereva waliachiwa pointi zao kwa sababu walikuwa wameahidiwa kinga. Siku tatu baadaye, huko Spa nchini Ubelgiji, Ferrari ikawa bingwa wa timu. Oktoba, huko Brazil, Räikkönen alichukua ubingwa wa madereva kwa pointi 110. Hamilton alipata 109 na Alonso 109. Tofauti ya pointi moja! Wenye kupenda hesabu wanaweza kujumlisha wenyewe pointi za wale wawili wa McLaren, 218, walizipambanie mwaka mzima, na kwenye jedwali la timu kampuni ikaandikiwa sifuri.

Baada ya kutoa mapato yaliyopotea, fedha taslimu iliyotoka mfukoni ilikuwa takriban pauni milioni 32. Hapo ndipo kesi inapokuwa tamu kwa mhasibu. McLaren iliiingiza faini hiyo katika matumizi ya biashara, ili itolewe kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa. Kodi ya makampuni Uingereza kwa mwaka huo ilikuwa asilimia 30, hivyo kwa hesabu yetu mamlaka ya kodi ingekosa karibu pauni milioni 10. Yaani mlipa kodi wa Uingereza, pamoja na yule kijana wa fotokopi, angeibeba karibu theluthi moja ya faini.

Mamlaka ya kodi ikakataa. Mwaka 2012 baraza la kwanza la mashauri ya kodi lilikuwa na wajumbe wawili, nao hawakukubaliana, na McLaren ikashinda kwa kura ya turufu ya mwenyekiti. Hoja ilikuwa kwamba kupeleleza washindani ni sehemu ya biashara ya mbio za magari, na kwamba faini ya FIA inatokana na mkataba kati ya timu na shirikisho, si adhabu ya sheria ya nchi. Mwaka 2014 baraza la juu likaupindua uamuzi huo: kuvunja kwa makusudi kanuni ambazo wewe mwenyewe umesaini kuzifuata si kufanya biashara yako, na gharama yake si gharama ya biashara. Wasomaji wenye makampuni, hasa wale wanaopenda kumwambia mhasibu "weka tu kwenye matumizi", wakae na uamuzi wa 2014 kuliko ule wa 2012.

Na wadhamini je? Wengi walitabiri kwamba wangekimbia. Mdhamini mkuu wa McLaren, aliyeanza mwaka huohuo 2007, alikuwa Vodafone, ambayo wakati huo ilikuwa mwanahisa mkubwa wa Safaricom ya Kenya. Ni mwezi uleule wa Machi, barua pepe za mgawanyo wa uzito zilipokuwa zikiandikwa, M-Pesa ilizinduliwa Nairobi. Vodafone haikuondoka, na mwaka 2008 Hamilton alichukua ubingwa akiwa na jina lake kifuani. Linganisha na kashfa ya Renault. Septemba 2008 huko Singapore, timu hiyo ilimwagiza dereva wake Nelson Piquet mdogo aligonge gari ukutani makusudi, ili mbio zipunguzwe kasi na Alonso, aliyekuwa amehamia Renault, apate ushindi. Mambo yalipofichuka mwaka 2009, benki ya ING iliuvunja mkataba wake wa udhamini mara moja. Ni kweli mkataba wenyewe ulikuwa karibu kuisha, hivyo ujasiri huo haukuigharimu sana. Hata hivyo mdhamini anaweza kuvumilia wizi wa karatasi. Gari linalogongeshwa ukutani mbele ya watazamaji ni jambo jingine.

Renault hiyohiyo, tuongeze, Desemba 2007 ilikutwa na siri za McLaren zilizoletwa na mhandisi aliyehama akiwa na diski 11. Ilitiwa hatiani, haikutozwa hata senti. Kwa nini mmoja alipe dola milioni 100 na mwingine asilipe kitu, FIA ilieleza kwa maneno mengi, na kila msomaji wa hukumu zile mbili ana haki ya kubaki na swali lake.

Wanahisa nao walikwenda kila mmoja njia yake. Dennis aliachia ukuu wa timu Machi 2009. Daimler, Novemba 2009, ilitangaza kuondoka McLaren na kununua timu yake yenyewe. Ferrari iliingizwa soko la hisa la New York Oktoba 2015 kwa dola 52 kwa hisa. Mumtalakat, yule mgeni aliyeingia Januari na kukaribishwa na faini, alivumilia, na kufikia mwaka 2024 kundi zima la McLaren lilikuwa mali yake.

Stepney alihukumiwa nchini Italia mwaka 2010 kifungo cha miezi 20 ambacho hakukitumikia gerezani. Alifariki katika ajali ya barabarani huko Kent, Mei 2014. Coughlan alijiunga na timu ya Williams mwaka 2011.

Kwa msomaji mwenye hisa zake chache, kazi ya nyumbani ni hii. Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni yako, pita kurasa za picha za wakurugenzi, nenda kwenye maelezo ya nyuma ya mizania yaliyochapwa kwa herufi ndogo. Tafuta sehemu inayotaja kesi zilizoko mahakamani na madeni yanayoweza kutokea. Kisha angalia ni maofisa wangapi wa juu walioondoka mwaka huo na walikwenda wapi. Katika mkutano mkuu una haki ya kuuliza, hata kama una hisa 100. Lakini ukijibiwa faraghani na rafiki aliye ndani, akakupa tarakimu ambazo soko bado halina, usikimbilie kwa dalali: sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ya mwaka 1994 inakataza biashara ya namna hiyo, kwa anayetoa habari na kwa anayezitumia.

Wiki ijayo somo litakuwa juu ya hatifungani za serikali na jinsi ya kusoma matokeo ya mnada wake. Bei za mazao zinarudi mahali pake pa kawaida.